"Who Shot Ya?" haukutungwa baada ya risasi za New York

Kwenye magrupu bado inazunguka meseji kwamba wimbo huu wa rapa The Notorious B.I.G. ulitungwa kumkejeli Tupac Shakur, rapa wa Pwani ya Magharibi ya Marekani aliyepigwa risasi kwenye jengo la studio jijini New York, Novemba 30, 1994. Si kweli. Biti yake ilishasikika kwenye albamu ya R&B ya Mary J. Blige, "My Life", iliyotoka Novemba 29, siku moja kabla; linganisha tarehe, kisha sikiliza wimbo na albamu hiyo. Mwenye wimbo alieleza kuwa mistari nayo ni ya kabla ya tukio, na haimtaji Tupac.

Kinachochanganya ni kwamba ulitoka mwanzoni mwa 1995, kidonda kikiwa kibichi, na majeruhi mwenyewe aliamini anasemwa. Wote wawili waliuawa baadaye. Tafadhali, meseji hiyo ikikufikia, usiisambaze.