Hesabu ya Samaki Haiishii Kwenye Mzani

Mwenye duka katika ufuo wa Usenge au Sori, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, hahitaji kalenda kujua lini atauza. Anatazama mwezi. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi huishinda taa, omena hawakusanyiki, na mashua nyingi hulala nchi kavu. Wiki hiyo sukari inakopwa, bodaboda wanasinzia kivulini, hata kinyozi analalamika. Giza likirudi, pesa nazo zinarudi.

Nimeanza na duka kwa makusudi. Sisi wa kazi ya uvuvi tukiulizwa ziwa linaleta faida gani, anayeuliza huwa anangoja kusikia tani. Lakini tani hazikuambii pesa zililala wapi. Mimi huuliza hivi: samaki huyu alipita mikono mingapi kabla hajatoka huku kwetu?

Mchukue sangara, tunayemwita mbuta. Si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wadogo wa asili hadi aina nyingi zikatoweka, kisha akageuka kuwa ndiye mlipa karo. Viwanda hukata minofu ikauzwa ng'ambo. Bondo lake, ule mfuko wa hewa tumboni, hukaushwa likapelekwa China, na kilo moja ya bondo huipita kilo ya minofu kwa mbali sana. Hizo ndizo pesa zinazoingia vitabuni. Kinachobaki kiwandani ni kichwa na mifupa iliyoshikilia nyama kidogo, yaani mgongo wazi. Fika Obunga hapa Kisumu uone akina mama wanavyoukaanga. Hapo muuza kuni amepata, muuza mafuta amepata, mwenye mkokoteni amepata, na mwenye shilingi chache mfukoni amekula ugali kwa samaki.

Mikono hiyo imefungamana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba kuna waliokuwa wakivua kwa sumu. Kiwanda kisipokata minofu, kikaango cha Obunga nacho kinapoa.

Wapo wanaoniuliza mbona hatuzungumzii uwindaji. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na ukiondoa aluru, ndege wadogo wanaonaswa vijijini Siaya na Homa Bay, hakuna hesabu kubwa ya kufanya hapo. Mawindo yetu yako majini.

Na maji yenyewe si mengi. Katika ziwa lote, Kenya ina kama asilimia 6; zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kuongeza mashua na nyavu siwaelewi. Kilicho mikononi mwetu ni kuzuia thamani isimwagike njiani, na sioni inapomwagika zaidi kuliko kwenye omena.

Omena hufika alfajiri, gharama za mafuta na taa hutolewa, kinachobaki kikagawanywa kati ya mwenye mashua na wavuvi. Kisha kazi inaingia mikononi mwa wanawake. Wengi huanika chini, juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha kabla hazijakauka, omena iliyokuwa ya mtu inauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Juu ya hasara hiyo kuna jaboya: mama asiye na mashua hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili apate mzigo. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote, ila familia na zahanati za fuoni zinailipa. Mama akiwa na mashua yake, au hisa ndani ya mashua, anazungumza bei akiwa amesimama wima.

Kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, wengi hukuona kama adhabu. Lakini sehemu ya miezi hiyo ni masika, wakati ambapo kukausha ni bahati nasibu. Samaki anayeachwa azae wakati huo ni yuleyule ambaye pengine angeozea ufuoni. Sangara naye haruhusiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50, maana wengi wa kimo hicho hawajazaa hata mara moja. Vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa fuo, vina mamlaka ya kulisimamia hilo ufuoni, na pale viongozi wake wasipokuwa wenye nyavu haramu wenyewe, hufaulu.

Suluhisho la kukausha ni la mbao na wavu: meza ya kuanikia, iliyoinuliwa kutoka ardhini, na turubai karibu. Omena ya mezani haina mchanga. Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu kununua gorogoro moja, lile kopo la kupimia, chukua chache uzitafune. Zikikwaruza meno, zilianikwa chini. Zisipokwaruza, usimpunje mama yule shilingi anazoongeza.