Joto Peke Yake Halivunji Bakuli: Dhana Potofu Kuhusu Vyombo vya Udongo vya Oveni Migahawani

Kumletea mteja chakula katika chombo kile kile kilichotoka nacho kwenye oveni ni jambo zuri. Samaki wa nazi anafika mezani mchuzi ungali unatokota pembeni, jibini juu ya viazi haijaanza kukauka, na jikoni hakuna sufuria la pili la kuosha. Mwenye mgahawa anayenunua vyombo hivi, hata hivyo, hununua pamoja navyo maneno mengi ya dukani na ya jikoni ambayo si ya kweli. Maneno hayo humgharimu fedha, na wakati mwingine humgharimu mhudumu ngozi ya mkono.

"Kama ni cha oveni, hata kwenye moto kinakwenda"

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloua chombo kizima kwa mara moja. Ndani ya oveni, hewa ya moto hukizunguka chombo pande zote, nacho hupanda joto chote kwa pamoja. Juu ya jiko la gesi au la mkaa, moto hukipiga kitako huku ukingo ukiwa bado vuguvugu. Udongo uliochomwa hupitisha joto polepole mno: chuma cha pua hulipitisha kama mara kumi zaidi, na alumini zaidi ya mara mia. Kwa hiyo joto la kitakoni halipandi haraka kwenda kuusaidia ukingo.

Na kila kinachopata joto hutanuka. Chukua bakuli la urefu wa sentimita 30, la udongo mgumu wa kawaida, ulipashe kutoka joto la chumba hadi digrii 200 za Selsiasi. Litarefuka kwa karibu theluthi moja ya milimita. Jicho haliwezi kuona. Bakuli likirefuka lote pamoja, hakuna ubaya wowote. Kitako kikirefuka na ukingo ukakataa, hiyo theluthi ya milimita inatosha kulipasua, maana udongo uliochomwa haujui kunyumbuka.

Ndiyo maana swali ambalo wanunuzi wengi huanza nalo, "linastahimili digrii ngapi?", halifiki penyewe. Bakuli zuri la mgahawa lilichomwa tanuruni kwa digrii 1,200 au zaidi kabla halijafika dukani. Digrii 220 za oveni yako hazilitishi. Kinacholiua ni tofauti ya joto kati ya sehemu yake moja na nyingine, na kasi ya tofauti hiyo kutokea. Bakuli lililokaa oveni saa tatu liko salama. Hatari huja pale linapotolewa na kutuliwa juu ya meza ya chuma iliyolowa maji, au linapomiminiwa tui la baridi lililotoka kwenye friji. Kando ya oveni pawe daima na ubao, kitambaa kikavu kilichokunjwa, au rafu ya waya. Gharama yake ni ndogo kuliko bakuli moja.

"Kinene na kizito ndicho imara"

Dukani watu hulipima bakuli kwa mkono, na likilemea wanaridhika. Kuna ukweli kidogo hapo: ukingo mnene haumeguki kirahisi ukigongwa kwenye sinki. Ila likija suala la joto, unene unageuka kuwa mzigo. Ukuta ukiwa mnene, upande wa nje unaweza kuwa umeshashika moto huku kiini chake bado hakijapata habari, na hiyo ndiyo tofauti ile ile tuliyoisema. Unachotakiwa kukitafuta ni unene ulio sawa kote. Chombo chenye kitako kizito na ukuta mwembamba, au masikio manene yaliyobandikwa kwenye mwili mwepesi, huanza ufa pale pale vinapoungana.

Kauri halisi, ile nyeupe inayolia ting! ukiigonga kwa ukucha, wengi huiona kitu cha kabatini. Wanakosea. Kaolini (udongo mweupe) na madini ya feldspa na kwatzi vikichomwa pamoja katika digrii 1,300 hadi 1,400, sehemu ya mchanganyiko huyeyuka na kuziba matundu, kiasi kwamba kauri hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Udongo wa kawaida uliochomwa kwa digrii 1,000 hadi 1,150 unaweza kunyonya zaidi ya asilimia 5. Ufaransa wamelielewa hili zamani. Kiwanda cha Revol huko Saint-Uze kipo tangu 1768, cha Pilivuyt tangu 1818, na vyote viwili hadi leo vinatengeneza kauri ya oveni ambayo wapishi wa migahawa huitumia kila siku.

Kujua ulichouziwa si kazi. Pindua chombo utazame ule mduara wa chini usiong'aa. Weka tone la maji hapo. Likinyonywa mbele ya macho yako, chombo hicho hakikuchomwa hadi kufunga, hata kama muuzaji anakiita kauri. Ukiwa unanunua kwa wingi, omba kimoja, kipime kwenye mizani kikiwa kikavu, kiloweke usiku kucha, kifute, upime tena. Chombo kilichobeba maji ndani ya ukuta wake ndicho kitakachokuwa cha moto kuliko chakula ukikitia kwenye maikrowevu, na ndicho kitakachopata nyufa mapema.

"Chungu cha kienyeji ni duni, hakifai mgahawa"

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu dharau hii inatokana na kuangalia mng'aro tu.

Akina mama wa Kikisi, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa karibu na Matema, hufinyanga vyungu vinavyosifika na kusafirishwa mbali. Huvichoma kwa moto wa wazi, joto likiwa chini sana ya lile la tanuru la kauri. Kwa vipimo vya kiwandani chungu hicho ni dhaifu: kina matundu, kinanyonya maji, hakina ngozi ya kioo juu yake. Kitie jikoni juu ya kuni, nacho kitatulia. Itie kauri ya Kifaransa hapo hapo, uisikie inavyopasuka.

Sababu imo ndani ya matundu yale yale yanayodharauliwa. Chungu kimejaa nafasi ndogondogo na chembe za mchanga, na ufa mdogo ukianza hukutana na tundu au chembe na kuishia hapo. Kauri imefunga, ufa ukipata mwanzo, hakuna cha kuuzuia hadi upande wa pili. Wafinyanzi hawa, kama wenzao wengi barani, wanachagua udongo na kuuchanganya kwa ajili ya kazi ya motoni. Huo ni utaalamu kamili.

Mgahawa una mahitaji yake, na chungu kina mipaka yake pia. Hunyonya mafuta na harufu, kwa hiyo chungu cha pweza kibaki cha pweza na cha maharage kibaki cha maharage. Hakilowekwi kwenye maji ya sabuni wala hakiingizwi kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kikiwa kipya hupikiwa kwanza uji mwepesi, wanga uzibe matundu. Anayeyafuata hayo anaweza kupika juu ya mkaa na kutenga mezani bila kuhamisha chakula, jambo ambalo bakuli la oveni la bei kubwa haliwezi.

Wajapani nao wana chungu chao cha mezani, donabe, kinachotua moja kwa moja juu ya moto wa gesi. Vile vya Banko, kutoka mji wa Yokkaichi, huchanganywa na jiwe liitwalo petaliti, lenye lithiamu ndani yake, ambalo likishachomwa karibu halitanuki kabisa. Petaliti hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ikitoka Zimbabwe, kwenye machimbo ya Bikita. Kwa hiyo chungu kilichosifiwa Tokyo kwa kustahimili moto kilibeba jiwe la Afrika.

"Toka kwenye friza, ingiza oveni, hakuna shida"

Imani hii ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1953, huko Marekani, mtafiti wa kampuni ya Corning aitwaye Donald Stookey alitia kipande cha kioo tanuruni kwa digrii 600. Tanuru likaharibika na kupanda hadi 900. Kioo hakikuyeyuka, kiligeuka cheupe, kikamponyoka, na kilipoanguka sakafuni hakikuvunjika. Mwaka 1958 kitu hicho kilianza kuuzwa kama CorningWare, vyombo vyeupe ambavyo kweli vilitoka kwenye barafu hadi motoni. Tangu hapo kila bakuli jeupe limerithi sifa isiyo yake. CorningWare ile ya mwanzo si udongo. Ni kioo kilichogeuzwa fuwele. Bakuli lako la udongo likitoka kwenye friza liache lirudi joto la chumba kwanza, au liingie kwenye oveni ya baridi na kupanda nayo.

Jambo jingine hapa linawachanganya wapishi: bakuli limefanya kazi mwaka mzima kwa digrii 180, kisha mgahawa unanunua oveni ya piza na bakuli linapasuka wiki ya kwanza. Baadhi ya udongo uliochomwa sana huwa na madini yanayoitwa kristobaliti, ambayo yakifika karibu na digrii 226 hutanuka kwa ghafla, na yakipoa hujikunyata kwa ghafla vilevile. Chini ya hapo hayajionyeshi. Muulize muuzaji kama vyombo vimejaribiwa katika joto utakalotumia wewe, usiridhike na neno "oveni" peke yake.

"Chenye rangi kina sumu, cheupe ni salama"

Rangi haimwambii mtu lolote la uhakika. Lile tabaka linalong'aa ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo, na zamani madini ya risasi, ambayo ni sumu, yalitiwa humo kwa wingi ili kuyeyuka kuwe rahisi na mng'aro uwe mzuri. Bakuli jeupe linaweza kuwa nayo. Sahani ya bluu iliyochorwa chini ya tabaka na kuchomwa vizuri inaweza kuwa salama kabisa. Michoro inayobandikwa juu ya tabaka, ambayo ukipapasa kwa kidole unaihisi imeinuka, ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, hasa ikiwa inagusa chakula.

Kinachotoa risasi chomboni ni asidi, muda na joto. Ukwaju, ndimu, nyanya, siki: viungo vya pwani vyote hivi ni vichachu, na huwa tunaviacha vikae. Kipimo cha maabara kinafuata mantiki hiyo hiyo. Chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, ambayo ni kama siki ya kawaida, kikaachwa saa 24 katika digrii 22, kisha maji hayo yakapimwa. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1984 iliweka kikomo cha miligramu 4 za risasi kwa lita kwa mabakuli, na miligramu 1.5 tu kwa vyombo vya kupikia. Tazama tofauti hiyo: chombo cha kupikia kinabanwa zaidi. Kwa hiyo bakuli lililopasishwa kuwa la mezani halijapasishwa kupikia. Anayenunua kwa ajili ya oveni adai cheti cha vyombo vya kupikia. Muuzaji wa jumla aliye makini anacho.

Vyombo vya kale vya urithi, au vya mapambo kutoka sokoni, vipambe ukutani.

Mambo madogo yanayotupisha vyombo bure, na makubwa yanayoachwa

Mistari ya kijivu inayotokea kwenye sahani huitwa mikwaruzo ya visu, na migahawa hutupa sahani kwa ajili yake. Mara nyingi ni kinyume: tabaka la kioo ni gumu kuliko kijiko, na limekikwangua chuma likabaki nacho. Unga wa kusugulia wenye asidi ya oksaliki huiondoa. Suuza sana baadaye.

Nyufa nyembamba kama utando, zilizoenea juu ya tabaka, huitwa urembo. Kwenye chombo cha kuwekea maua, sawa. Kwenye chombo cha chakula zina maana kwamba tabaka na udongo havitanuki sawasawa, maji na mafuta yanapenya chini, na chombo kimepungua nguvu. Hicho ndicho cha kutoa jikoni, pamoja na kila chenye ukingo uliomeguka.

Na melamini, hata iwe na sura ya kauri kiasi gani, ni plastiki. Mamlaka ya Ujerumani ya tathmini ya hatari hushauri isitumiwe kwa vyakula vya zaidi ya digrii 70, wala kwenye maikrowevu. Oveni ndiyo usiseme.

"Kikishatoka oveni, kupika kumekwisha"

Bakuli la udongo lililotoka kwenye digrii 200 lina joto jingi ndani ya kuta zake, nalo hulitoa polepole. Samaki aliyeiva sawasawa oveni atakuwa amekauka mezani, na kastadi itakatika maji. Mpishi anayejua vyombo vyake huwatoa samaki wakiwa bado wabichi kidogo katikati, ili safari ya kutoka jikoni hadi mezani imalizie. Hesabu hii inatofautiana kwa kila bakuli, hivyo ijaribuni jikoni kwa kipimajoto kabla sahani haijaingia kwenye menyu.

Joto hilo hilo ndilo linalochoma watu. Chombo cheupe cha udongo kwenye digrii 200 kinafanana kabisa na kilichotoka kabatini: hakiwi chekundu, hakivumi. Mhudumu akibebe kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kilicholowa hupitisha joto haraka hadi kiganjani. Akitue juu ya ubao au sahani pana ya chini, upande ambao mtoto hawezi kuufikia, na amwambie mgeni kwa sauti kwamba bakuli ni la moto, kabla hajaondoa mkono wake.