Kubebesha mkorosho hakubadilishi DNA yake

Juzi tena. Kaja mama mmoja kitaluni, katokea Tandahimba, kakagua miche yangu ya kubebesha, yaani mche mmoja uliopachikwa kikonyo cha mkorosho mwingine, kauliza bei, halafu ananiambia, "Mwanangu, hii si ndo ile mlioichezea DNA? Mi nataka ya asili, isiyo na DNA." Akaondoka mikono mitupu. Kila msimu huku Mtwara nasikia hilohilo, na leo nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

DNA ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na mche usio nayo haupo. Korosho inayo, bibo linalo, mhogo, dagaa, wewe. Ukitaka kuiona, ponda kipande cha papai bivu, tia maji yenye chumvi na sabuni ya vyombo, chuja kwa kitambaa, halafu mimina taratibu kwa pembeni ya glasi spiriti iliyolala kwenye friza. Subiri kidogo, pale spiriti inapokutana na maji utaona vinyuzi vyeupe vinapanda kama kamasi, unavizoa na kijiti. Ndo hiyo, na hakuna aliyeichezea.

DNA ni nyuzi mbili zimesokotana, zimeandikwa kwa kemikali nne tunazoziita kwa herufi: A inashikana na T, G na C. Zikiachana kila uzi unajijengea mwenzake upya, ndo maana seli ikigawanyika zote mbili zinapata nakala kamili. RNA, nakala inayotolewa kwenye DNA, ina U badala ya T, inabeba ujumbe hadi kwenye ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, herufi zinasomwa tatu tatu, protini inatoka. Mlisoma sekondari, tusonge.

Sasa kubebesha. Nachana mche wa chini, nachonga kikonyo kama kabari, nachomeka, nafunga na nailoni. Seli za pande zote mbili zinagawanyika mpaka zinashikana, maji na chakula vinapita, ila kila upande unagawanyika kwa kunakili DNA yake yenyewe. Ushahidi uko shambani kwako: chipukizi likitoka chini ya kiungo, pale nilipochomeka, ukaliacha, linakua tawi la ule mti wa chini, ndo maana kila siku nawaambia yakateni.

Na kinachoniuma ni kwamba huyohuyo anayekimbia mche wa kubebesha anaenda kuokota korosho chini ya mti wa mjomba wake unaozaa sana, anapanda, anaamini kapata mti uleule. Hapana jamani! Maua ya mkorosho kwa sehemu kubwa yanachavushwa na mti mwingine, wadudu wanahamisha chavua, kwa hiyo nusu ya DNA ya kiini cha ile mbegu ni ya mti wa mjomba na nusu ni ya mti usioujua, labda ule wa jirani unaoliwa na ugonjwa wa ubwiriunga kila mwaka. Kwenye mbegu ndo DNA inachanganywa upya, kwenye kubebesha inabaki ilivyo.

Ila nisiwe muongo, vitabu vinavyosema hakuna kinachovuka kiungo zaidi ya maji na chakula vimerahisisha mno. RNA ndogondogo zinasafiri na utomvu toka upande mmoja kwenda mwingine na zinaweza kuzima jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo, za huko. Na mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwenye tumbaku kwamba jeni za kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya seli vinavyotengeneza chakula, zinavuka, lakini palepale kwenye kiungo tu, hazikupanda hadi kwenye matawi. Hilo linanifikirisha kila nikifunga nailoni, na bado mche ningempa yule mama ni huohuo wa kubebesha.