Redio ya rejeni haipimwi kwa mbinja

"Fundi, inapiga mbinja kali, kwa hiyo ina nguvu. Mbona haikamati kitu?" Swali hili huja na kila redio ya rejeni ya kwanza, yaani redio ya kujiundia inayorudisha ishara yake nyuma ikuzwe tena, iwe imeundwa Mkunazini au Wete. Na kila ukiitazama, nobu ya rejeni imezungushwa kulia mpaka mwisho, kama bomba siku maji yaliyokatika yaliporudi.

Rejeni si voliumu. Kudhani ni voliumu ndio upotofu unaowafanya watu watupe redio nzima kabisa, kwa hiyo tukae nao kwanza.

Transista moja inakuza ishara iliyotoka kwenye koili. Sehemu ya ishara hiyo inarudishwa kwenye koili ile ile, inakuzwa tena, inarudi tena. Edwin Armstrong alipata hataza ya mpango huu Marekani mwaka 1914, na mpaka leo haujabadilika. Kinachorudishwa kinafidia kile ambacho koili inapoteza. Tuseme koili yako ina Q, kipimo cha uwezo wake wa kuchagua masafa, ya 100. Kwenye 7 MHz inapitisha kipande cha kHz 70 kwa pamoja, yaani watu kadhaa wanaongea sikioni mwako kwa wakati mmoja. Rejeni ikiisukuma Q ifike 1,000, kipande kinabaki kHz 7. Kwa hiyo nguvu na uchaguzi vyote viwili vinapatikana mahali pamoja: ukingoni, kabla kidogo ya mbinja.

Ukivuka ukingo, transista inaanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Ukizidi kuvuka, mawimbi yale yanaijaza, na ishara dhaifu ya mtu wa mbali haina pa kukaa. Ndiyo maana mbinja inazidi ukali huku stesheni zinapungua. Ulichoongeza ni kelele ya redio yako mwenyewe.

Namna ya kuizungusha ni hii. Anza nobu ikiwa chini kabisa. Panda taratibu, kwa vidole viwili, usikilize. Kwanza kimya, halafu mvumo wa "shhh" unaanza kupanda, halafu unasikia "pup" laini na mvumo unabadilika sauti. Hapo umevuka. Kwa stesheni ya AM, rudi nyuma unywele mmoja, mbinja ipotee, muziki ubaki. Kwa Morse na SSB, mtindo wa sauti wa watu wa redio ya ridhaa, kaa juu ya ukingo unywele mmoja, kwa sababu SSB imekuja bila wimbi lake la kubeba na ni redio yako inayolitia hapo ilipo. Ishara ya SSB ikiwa kali mno inaikokota redio na maneno yanavurugika. Dawa yake ni kupunguza eriali kwanza, halafu ndiyo uongeze rejeni kidogo. Na ukigusa rejeni, masafa nayo yanasogea kidogo, kwa hiyo mkono mmoja uwe kwenye rejeni na mwengine kwenye kutafutia stesheni. Mtu anayetaka kuiweka mara moja na kuiacha anunue redio ya dukani.

Kama badala ya "pup" laini unapata "KOP!" na inabidi urudi robo mzunguko ndipo inyamaze, usilaumu transista. Koili ya kurudishia, ile mizunguko michache kando ya koili kuu, ina mizunguko mingi mno au iko karibu mno. Toa mzunguko mmoja, jaribu tena. Kama haipigi hata kidogo, geuza ncha mbili za koili hiyo hiyo. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu. Kama ukingo unaangukia kwenye milimita ya mwisho ya nobu, cheza na mizunguko na umbali wa koili mpaka uangukie katikati. Na kama nobu inakwaruza sikioni kila ukiigusa, tia kapasita ya 10 µF kutoka mguu wa kati wa nobu kwenda ardhini, yaani upande wa hasi wa betri.

"Kapasita ikiwa kubwa, stesheni zinakuwa nyingi."

Hii ni ya pili kwa kuudhi. Fungu la ridhaa la 7 MHz, yaani masafa ya wanaorusha redio kwa kujifurahisha, kwetu linaanzia 7.000 hadi 7.200 MHz. Ukiwa na koili ya 5 µH unahitaji pF 103 kwa chini na pF 98 kwa juu. Tofauti ni chini ya pF 6! Sasa mtu anachukua kapasita ya kutafutia stesheni kutoka redio mbovu, inayokwenda pF 5 mpaka 140, anaifunga moja kwa moja kwenye koili. Fungu zima linajificha kwenye upana wa ukucha. Anapita juu yake bila kujua, anaishia kusema mawimbi mafupi yamekufa.

Usitafute kapasita nyengine. Ile ile ya pF 140 ifunge kwa mfululizo na kapasita ndogo ya pF 10. Pamoja zitakwenda kama pF 3.3 hadi 9.3, yaani pF 6 unazozitaka. Halafu sambamba na koili weka pF 82 isiyoyumba kwa joto, ya aina ya NP0. Pengo linalobaki linajazwa na nyaya na transista yenyewe. Isipoangukia sawasawa, badilisha hiyo 82 kwa 68 au 91. Mguu wa kapasita uliounganishwa na mhimili wa kuzungusha uende ardhini, si upande wa geti, mguu wa kuingizia ishara wa transista ya aina ya FET. Ukiugeuza, kila ukisogeza mkono sauti inapanda na kushuka. Kipande cha bati mbele ya redio, kilichofungwa ardhini, kinamaliza kilichobaki. Bati la kopo la mafuta linatosha.

Koili yenyewe ni mizunguko 12 ya waya wa kusukia mota, unene wa milimita 0.6, iliyobanana juu ya paipu ya plastiki ya nyaya za umeme ya milimita 25. Inatoa hiyo 5 µH. Milimita tatu kutoka upande wa ardhini, suka mizunguko 3 ya kurudishia. Upande wa pili wa hiyo, mzunguko mmoja wa eriali. Waya unapatikana kwa anayesuka mota za feni, na anakupimia mita mbili bila shida. Kwangua vanishi kwenye ncha mpaka shaba ing'ae, ndipo ulehemu. Lehemu iliyokaa juu ya vanishi inaonekana nzuri na haipitishi kitu.

"Eriali ndefu zaidi ndiyo bora."

Kwa redio hii, hapana. Waya mrefu uliobanwa sana kwenye koili unainyonya mpaka rejeni inakataa kuanza, hasa pale urefu wa waya unapolingana na masafa. Mita 8 kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe zinatosha, na kama bado ni kali, badala ya mzunguko wa eriali sokota nyaya mbili zenye ngozi kwa sentimita 3 tu, zisigusane shaba. Anayekaa Dole karibu na mitambo ya mawimbi mafupi ya ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, apunguze hata hizo mita 8 mitambo ikiwa hewani. Wakati wa kusi funga waya usipepee: ukiyumba, masafa nayo yanayumba. Masika ikinguruma, uchomoe na uutupe nje.

"Ni kipokezi tu, hakimsumbui mtu."

Chukua redio ya kawaida ya mawimbi mafupi, iweke mita mbili kando, itege karibu na 7.1 MHz. Panda rejeni ya redio yako. Ukivuka ukingo, mvumo wa ile ya kando unanyamaza ghafla. Hayo ni mawimbi yako yametoka kupitia eriali. Jirani anayesikiliza masafa hayo hayo anayasikia. Ongeza transista moja kati ya eriali na koili, geti yake ikiwa ardhini, na mawimbi hayarudi nyuma kirahisi. Faida nyengine: eriali ikiyumba haivuti masafa. Kurusha kwa makusudi ni jambo jengine kabisa, na kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

"Bila FET ya kuagiza huwezi."

Unaweza. Transista ya 9018 iliyotolewa kwenye redio mbovu ya Kichina inafanya kazi hii vizuri, ingawa sakiti inabadilika kidogo kwa sababu besi inataka mkondo wake. Lakini angalia miguu kabla ya kulehemu. BC547 na 2SC1815 zinafanana sura, mpangilio wa miguu mbalimbali, na MPF102 na BF245 vivyo hivyo. Redio nyingi zinazoitwa mbovu zina transista iliyosimama kichwa chini miguu juu, basi.

"Chaja ya simu inatosha, kwa nini ninunue betri?" Kwa sababu chaja ya simu inapiga kelele kwenye mawimbi mafupi kutoka asubuhi mpaka usiku, na kwenye redio ya rejeni mvumo wake unaingia kwenye koili na kupanda pamoja na stesheni. Weka betri sita ndogo za volti 1.5 kwa mfululizo. Kwa transista moja na chipu ya LM386 ya kukuza sauti, ukisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, zinakaa muda mrefu. Na ukiona kelele hata kwa betri, zima chaja zote nyumbani kabla hujafungua redio.

Kuna pia wanaosuka koili kwenye boksi la karatasi kwa sababu wameliona kwenye picha. Picha hizo hazikupigwa Unguja mwezi wa Aprili. Karatasi inakunywa unyevu, koili inalegea, na masafa uliyoyaweka alama jana leo hayapo. Ukiwa na paipu, paka rangi ya kucha juu ya mizunguko iache ikauke, na ncha za nyaya zifunike zisiliwe na chumvi ya hewa.

Mara ya kwanza ijaribu saa moja usiku, jua limeshatua na ishara za mbali zimeanza kuingia. Juu ya 7.200 MHz utakuta stesheni kubwa za utangazaji, kali, rahisi kushika kwa AM, na hizo ndizo za kujifunzia ukingo. Ukishaweza kumsikia mtangazaji bila mbinja, shuka pole pole chini ya 7.200, panda unywele mmoja, na utafute sauti inayoongea kama mtu aliyebanwa pua. Sogeza kapasita mpaka pua ifunguke.