Kwa nini boti yako ya jeti inarudi gereji na ugonjwa uleule

Injini ya boti ya jeti ikinguruma vizuri uani, imeunganishwa na mpira wa maji ya mfereji, imethibitisha jambo moja tu: kwamba inawaka. Pampu inayoisukuma boti hapo haina mzigo, inazungusha hewa. Maji ya kuipoza injini yanatoka mferejini, ni safi na yana presha ileile dakika zote, kwa hiyo hata pampu ikiwa mbovu kiasi gani injini itapoa. Dila, yaani muuzaji mwenye gereji, akikupigia simu, "Bosi, njoo uchukue, tumeiwasha na haina shida," huenda hakudanganyi. Ameipima mahali ambapo shida hiyo haiwezi kutokea. Na kwa aina fulani za pampu, kuiwasha hivyo kwa muda mrefu kunaunguza sili za shafti, kwa hiyo hata kipimo chenyewe kina gharama yake.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kisumu. Kazi yangu kubwa ni injini za nje, zinazofungwa nyuma ya boti, zile zinazobeba abiria na zinazofuata omena usiku. Boti za jeti ni chache ziwani, lakini zikija kwangu huja na bahasha ya resiti. Karibu zote zimenunuliwa zikiwa zimetumika, zimeingilia Mombasa, na zimerudishwa kwa muuzaji mara kadhaa kabla ya mwenyewe kuchoka.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe. Boti ya jeti haina propela nje. Injini inazungusha impela, gurudumu lenye mapezi, iliyo ndani ya bomba. Maji yanavutwa kupitia wavu wa chuma chini ya boti, yanasukumwa, na kutokea nyuma kwenye mdomo mwembamba ambao usukani unaugeuza kushoto au kulia. Bill Hamilton wa New Zealand, aliyeifanyia kazi miaka ya 1950, alikuwa na mito ya kwao akilini: maji machache, ya kasi, yenye mawe ambayo yangevunja propela yoyote. Kwenye mito ile boti hii ni malaika. Lakini Ghuba ya Winam, upande wetu wa Ziwa Victoria, ina magugu maji tangu miaka ya 1990, ina mchanga karibu na ufuo, na ina nyavu za samaki.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Katika boti nyingi ndogo za jeti, maji ya kupoza injini ni ya ziwa lenyewe, na yanasukumwa na pampu ileile inayoisukuma boti. Hakuna pampu nyingine. Kwa hiyo chochote kinachoiziba au kuidhoofisha pampu ya jeti kinaonekana kwenye dashibodi kama ugonjwa wa injini. Kengele inalia, taa ya joto inawaka, na kompyuta inaibana injini mpaka boti itambae. Fundi akichomeka mashine ya kupimia anasoma "joto kupita kiasi" na anabadilisha sensa ya joto, kile kifaa kinachohisi joto. Kompyuta ilisema ukweli, ila ilisema injini imehisi nini. Haikusema kwa nini.

Mzee mmoja wa Milimani aliniletea boti ya namna hiyo, ya silinda tatu, anayoitumia kupeleka wageni kutoka Dunga hadi kisiwa cha Ndere na kurudi. Resiti zake zilisomeka hivi. Safari ya kwanza kwa dila: sensa ya joto na plagi. Ya pili: betri mpya, kubwa kuliko ya awali, kwa sababu "umeme ni mdogo". Ya tatu: pampu ya mafuta. Na sasa walikuwa wamempa bei ya kompyuta ya injini, bei ambayo mtu angeweza kununua nayo injini nzuri ya nje iliyotumika. Kila mara boti ilitoka gereji ikiwa nzima, ikafanya kazi siku mbili tatu, kisha ikachemka tena.

Nilimuuliza, "Mzee, inachemka ukienda au ukirudi?"

Alifikiri kidogo. "Nikirudi. Na mara nyingi alasiri."

Anayeishi kando ya ziwa hili ameshaanza kuelewa. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unayasukuma magugu ndani ghubani. Alasiri upepo unageuka, unavuma kutoka ziwani, unayarudisha ufuoni upande wa Kisumu. Ukitoka saa mbili asubuhi njia ni nyeupe. Ukirudi saa tisa unapasua mizizi. Mizizi ya gugu maji ni nywele ndefu nyeusi. Wavu wa chini hauizuii yote, na ile inayozuiwa inajibana palepale kwa nguvu ya maji yanayovutwa. Ukizima injini, mvuto unakwisha, mizizi inadondoka yenyewe. Boti imepona! Inapandishwa kwenye trela, inafika gereji wavu ukiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani, na fundi hana cha kuona. Hapo ndipo sensa huanza kubadilishwa.

Lakini magugu peke yake hayakunitosheleza, maana boti nyingine zinapita maji yaleyale. Kwa hiyo tuliingia ziwani, mzee akishika usukani, mimi nikitazama saa ya mizunguko na kasi ya GPS kwenye simu. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, na ningependa kila mwenye boti ya jeti akijue. Mizunguko ikishuka na kasi ikashuka pamoja, shida iko upande wa injini: mafuta, plagi, hewa, umeme, au kompyuta inaibana. Mizunguko ikipanda na kasi ikashuka, injini ni nzima, pampu ndiyo inateleza. Ya mzee ilipanda. Tulipokuwa tunatoka Dunga tu, kabla ya gugu hata moja, mizunguko iliruka juu kila alipokanyaga mafuta, boti ikasitasita kabla ya kuinuka, na chini ya sakafu kukawa na sauti kama changarawe inayotikiswa kwenye debe. Hiyo ni hewa na mvuke ndani ya maji. Impela inavuta kuliko maji yanavyofika, presha inashuka, maji yanatoa mapovu, mapovu yanapasuka juu ya mapezi ya impela. Yakiendelea muda mrefu yanaichimba chuma vidoti vidoti.

Tulirudi, tukaishusha pampu. Kwenye resiti zote za dila hakukuwa na mahali palipoandikwa kwamba pampu ilifunguliwa. Ukimulika tochi kupitia wavu hauoni kitu, na hilo nalijaribu kila mara makusudi ili mwenye boti aone mwenyewe. Pampu ikishuka, unatia kidole nyuma ya kitovu cha impela na unagusa kitu kigumu, laini, chenye kung'aa. Ni uzi wa wavu wa nailoni, ile ya uzi mmoja usio na rangi. Nyavu hizo zimepigwa marufuku nchini lakini ziwani zipo, na zikikatika zinaelea. Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye shafti mpaka ukayeyuka na kuwa pete. Niliukata kwa wembe, kipande kwa kipande. Pete hiyo ilifanya mambo mawili: ilivuruga maji yanayoingia, na ilishika kila mzizi uliopenya wavu, ukakataa kudondoka.

Ukutani mwa bomba la impela kulikuwa na mikwaruzo ya mchanga. Nafasi kati ya ncha ya impela na ukuta huo hupimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, na pampu nzima ya ukubwa huu haizidi nusu milimita hivi. Ya mzee ilikuwa imepita. Mchanga huo unaingia pale mtu anapowasha injini boti ikiwa imekaa ufuoni. Isukume kwanza mpaka maji yafike karibu sentimita 90 chini ya boti, ndipo uwashe. Najua vijana wa ufuoni wanapenda kuwasha palepale wageni wakipiga picha. Waambie wasukume.

Tulibadilisha ule ukuta wa pampu, maana hutengenezwa ili ubadilishwe, tukasawazisha ncha za impela, tukarudi ziwani. Boti iliinuka mara moja, kasi na mizunguko vikapanda pamoja. Mzee alikuwa tayari anacheka. Kisha, mbele ya Usoma, kengele ikalia tena.

Watu wengi hukata tamaa hapo, na madila wengi huandika resiti nyingine hapo. Lakini safari hii ilichelewa sana kulia, na maji yalikuwa meupe. Dalili ilikuwa ileile, tabia ilikuwa tofauti, kwa hiyo lazima kulikuwa na chanzo cha pili kilichojificha nyuma ya cha kwanza. Nilizichukua tena zile resiti na kuzisoma upya, mara hii nikitafuta mkono wa fundi uligusa wapi. Betri mpya, kubwa kuliko ya awali. Nilifungua kiti cha nyuma. Betri haikutosha kwenye kisanduku chake, kwa hiyo aliyeiweka aliisogeza pembeni na kuifunga kwa mkanda uliopita juu ya hosi ya maji ya kupoza. Hosi ilikuwa imelala bapa. Nilipoufungua mkanda, mpira ulibaki na alama ya bizimu yake, kona zote nne. Kwa mwendo wa polepole maji yaliyopita yalitosha. Ukikanyaga mafuta kwa dakika kadhaa, hayatoshi. Na uani, kwenye mfereji, injini ikipumua taratibu, usingeligundua hilo hata ungekesha.

Hosi mpya, betri ya kipimo chake, basi. Kompyuta haikuguswa.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ugonjwa hata kidogo. Ziwa letu liko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Injini isiyo na chaja ya hewa, kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake ukiilinganisha na Mombasa. Kompyuta hurekebisha mafuta ili isitoe moshi, lakini haiwezi kuumba hewa. Kwa hiyo ile kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha boti hutaifikia Kisumu, na mizunguko ya juu kabisa haitafika pale kitabu kinaposema. Nimeona mtu akilipia injini kufunguliwa kwa sababu hiyo tu. Kinachoweza kusaidia ni impela yenye pembe ndogo kidogo, na hilo ni la kuzungumza na muuzaji kabla ya kulipa.

Mafuta nayo siyasahau, ingawa yanalaumiwa kupita kiasi. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya injini, na mitungi ya ufuoni bado huingia maji. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie, angalia kama kuna mstari chini. Kama injini inamisi na mizunguko inashuka, anzia hapo. Kama inachemka huku mizunguko iko juu, achana na mafuta.

Ukiwa katikati ya magugu na boti imeanza kuteleza, zima injini, chomoa kamba ya usalama kwenye swichi yake, subiri kidogo, tikisa boti huku na huku. Mara nyingi mizizi inaanguka. Usitie mkono kwenye wavu hata siku moja injini ikiwa inanguruma: katika boti nyingi za aina hii impela haina gia ya kuipumzisha, inazunguka muda wote injini iko hai. Na ukiiosha kwa mfereji nyumbani, washa injini kwanza ndipo ufungue maji. Ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo maji yanapanda kupitia egzosi na kuingia kwenye silinda. Nimeona pistoni zilizokufa kwa njia hiyo mikononi mwa watu waliolipwa kuziosha.

Kuhusu dila, mimi siandiki ili uende kupigana. Muulize, kabla hajagusa: utaijaribu wapi, kwa mzigo gani, na nani atakuwa ndani? Mwambie unataka spea za zamani mkononi, na resiti iseme alichopima na alichokikuta, pamoja na alichobadilisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 bila mzunguko mrefu. Picha ya hosi iliyobanwa, ikiwa na tarehe, ina nguvu pale kuliko maneno.

Mzee aliipeleka picha hiyo kwa dila. Walimrudishia pesa za betri na za kuifunga. Za sensa na pampu ya mafuta walikataa. Ile pampu ya mafuta ya zamani alikuwa ameing'ang'ania arudishiwe. Niliipima, na presha yake ilikuwa sawasawa. Ameiweka kwenye sanduku la spea ndani ya boti, pamoja na wembe wa kukatia nailoni.