Je, wajua kwa nini vitabu vya ndege bado vinachorwa kwa mkono?

Ukipita Oysterbay, barabara ya Haile Selassie, kwenye mabanda ya wachoraji wa Tingatinga, utaona ndege kila upande. Shingo ndefu, mabawa yenye vidoto vya rangi zote, macho ya duara. Muulize mchoraji huyu ni ndege gani, huenda akakujibu kwa kicheko kwamba ni ndege tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo huo hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta na vipande vya hadibodi, hakuwa na haja ya kukusaidia umtofautishe yangeyange na korongo. Ndege wake ni wa kufurahisha macho, na kazi hiyo anaiweza.

Sasa fuatana na watu wanaokwenda kutazama ndege pwani ya Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa. Shingoni wamening'iniza darubini, mfukoni wana simu zenye kamera kali, na kwenye mkoba kuna kitabu kilichochakaa pembe. Kifungue. Kurasa kwa kurasa, ndege wamechorwa kwa brashi, wamepangwa safu safu kama wanajeshi kwenye gwaride, wengi wakitazama upande mmoja. Kila mtu ana kamera, halafu kitabu cha kumtambua ndege bado kinachorwa. Kwa nini?

Kwa kifupi, picha ya kamera inakuonyesha ndege mmoja, dakika moja, kwenye mwanga mmoja. Kitabu kinatakiwa kikuonyeshe ndege wote wa aina hiyo.

Chukua kunguru. Yule tunayemjua sote, mwizi wa sahani za mama ntilie, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaenea pwani. Shingo yake ni ya kijivu, mwili uliobaki mweusi. Mpige picha saa saba mchana akiwa juu ya bati, na kile kijivu kinaweza kutoka karibu cheupe. Mpige jioni anga likiwa nyuma yake, atatoka mweusi tii mwili mzima. Mgeni akiishika ile picha ya kwanza, anaweza kudhani ni kunguru wetu wa asili, mwenye weupe halisi kifuani na shingoni, ambaye huyu mhamiaji amemsukuma pembeni. Picha zote mbili ni za kweli, na zote mbili zinapotosha. Mchoraji aliyewatazama kunguru wengi anajua kijivu hicho ni kijivu gani, naye hukipaka bila kivuli cha tawi wala mng'ao wa bati.

Mtu anayetajwa kuliko wote katika historia ya uchoraji huu ni John James Audubon. Alizaliwa mwaka 1785 Les Cayes, katika nchi ambayo leo ni Haiti, baba yake akiwa nahodha Mfaransa mwenye shamba la miwa. Alilelewa Ufaransa, na mwaka 1803, akiwa na miaka 18, baba yake akampeleka Marekani asije akaingizwa kwenye jeshi la Napoleon. Huko akajaribu biashara. Hakuwa mfanyabiashara. Mwaka 1819 alifilisika akafungwa kwa madeni, na alipotoka akaamua kufanya jambo ambalo mtu mwenye akili za duka asingelifanya: kuwachora ndege wote wa Amerika Kaskazini, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi.

Hakuwa wa kwanza. Alexander Wilson, mfumaji wa nguo kutoka Uskoti, alikuwa tayari ameanza kutoa vitabu vyake vya ndege wa Marekani mwaka 1808. Kwa mujibu wa Audubon mwenyewe, Wilson aliingia dukani kwake Louisville mwaka 1810 akitafuta wanunuzi. Audubon akashika kalamu aweke sahihi, mshirika wake akamnong'oneza kwa Kifaransa kwamba michoro yake yeye ni bora. Audubon alikuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo hadithi zake zipokee kwa tahadhari. Ila michoro ya wakati ule haikuwa na uhai mwingi: ndege amesimama kwa ubavu juu ya kisiki, mkakamavu, kwa sababu aliyekuwa mbele ya mchoraji mara nyingi ni ngozi iliyojazwa pamba.

Audubon alitaka wanaoruka, wanaogombana, wanaolisha makinda. Tatizo ni kwamba ndege hai hatulii, na kamera haikuwapo. Akabuni njia yake. Alimpiga ndege risasi, na kabla hajakauka akamfunga kwa nyaya kwenye ubao uliochorwa miraba, akimkunja shingo na kumtandaza mabawa mpaka apate mkao aliouona porini. Karatasi yake nayo ilikuwa na miraba ya ukubwa uleule. Kilichokuwa ndani ya mraba wa ubaoni kikahamia mraba wa karatasini, kipimo kwa kipimo. Ilibidi aharakishe, maana rangi ya macho na miguu ya ndege hupotea upesi akishakufa.

Marekani hakupata wa kuichapa kazi hiyo, akavuka bahari mwaka 1826 kwenda Uingereza na Uskoti. Uchapaji ulianzia Edinburgh, ukahamia London kwa Robert Havell, na ukachukua miaka hadi 1838. Mabamba 435 ya shaba, kila nakala ikapakwa rangi za maji kwa mkono na kundi la wafanyakazi. Ukurasa una urefu wa karibu mita moja na upana wa sentimita 66 hivi, kwa sababu bata mzinga wa porini, anayefungua kitabu, alipaswa kutosha mzima. Heroe hakutosha hata hapo, kwa hiyo Audubon alimwinamisha shingo mpaka karibu na miguu. Kwangu mimi huo ndio ukurasa mzuri kuliko yote, na uzuri wake umetokana na ufinyu wa karatasi. Seti kamili hazikufika 200, na mwaka 2010 moja iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi milioni 7.

Mwaka mmoja baada ya kitabu kukamilika, 1839, upigaji picha ulitangazwa hadharani Ufaransa. Mtu angedhani kazi ya brashi iliishia hapo. Lakini picha za mwanzo zilihitaji kitu kitulie kwa dakika nzima, na hakuna ndege wa kumfanyia mtu hisani hiyo.

Sifa zote hizo zina upande wa pili, na sisi tunaoishi jirani na Bagamoyo hatuna sababu ya kuuruka. Alipokuwa na biashara Kentucky, Audubon alimiliki watumwa, akawanunua na kuwauza. Mimea mizuri iliyo nyuma ya ndege wake mingi ilichorwa na wengine: Joseph Mason, mvulana wa miaka kama 13, alisafiri naye mto Mississippi akichora majani na maua, na jina lake halikuwekwa kwenye kurasa zilizochapwa. Mkewe, Lucy Bakewell, ndiye aliyelisha familia kwa kufundisha watoto wa matajiri huku mume akizunguka porini. Audubon mwenyewe aliua ndege wengi kuliko mahitaji ya michoro yake. Baadhi ya aliowachora hawapo tena duniani. Mwaka 1813 aliona kundi la njiwa wahamaji likipita juu ya Kentucky kwa siku tatu mfululizo. Wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa kizimbani Cincinnati mwaka 1914.

Hapa historia inapiga kona. Lucy, akiwa mjane, alimfundisha kijana mmoja aitwaye George Bird Grinnell. Mwaka 1886 kijana huyo, sasa mhariri wa gazeti, alianzisha chama cha kupinga mauaji ya ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake, akakipa jina la Audubon. Ndivyo mwindaji alivyokuwa nembo ya hifadhi. Jina hilo sasa linagombewa: mwaka 2023 chama cha kitaifa kiliamua kulibakiza, wakati matawi ya miji kama Seattle, Chicago na New York yamelitupa.

Lakini kile kitabu cha mkobani Kunduchi kina deni kubwa zaidi kwa mtu mwingine. Kitabu cha Audubon hakibebeki. Kinahitaji meza yake. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alichapa kitabu kidogo ambamo ndege walirudishwa kusimama kwa ubavu, safu safu, kila mmoja amewekewa mshale mdogo unaoelekea kwenye alama ya kumtambulisha: msitari juu ya jicho, doa bawani, rangi ya mkia. Mshale ule kamera haiwezi kuuweka. Tena ndege wanaofanana wanakaa ukurasa mmoja, kwa kipimo kimoja na mwanga mmoja. Jaribu kupata picha za kamera za dume, jike na kinda wa mnana, wakati wa kuzaliana na nje yake, wote wakiwa wamegeuka kushoto na jua likiwa lilelile. Utazeeka.

Audubon basi ametuachia nini? Mkao. Uamuzi kwamba mchoro haujakamilika mpaka mchoraji amemwona ndege akiishi. Kwenye matope ya pwani, ndege akiwa mbali, rangi huwezi kuzitegemea. Wote ni kahawia. Unachokiona ni namna anavyojibeba. Kitwitwi hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, hukimbia tena. Sululu hutembea taratibu akichoma tope kwa mdomo uliopinda. Mchoraji ambaye hajakaa juani kuwatazama atapatia kila unyoya, na ndege wake bado atakosewa.

Wachoraji wa leo hawahitaji bunduki. Hukaa kwenye makumbusho mbele ya droo za ngozi za ndege zilizokusanywa zamani, wakipima mbawa na kulinganisha vivuli vya kahawia. Rangi za macho, midomo na miguu huzisoma kwenye vijikaratasi vilivyofungwa mguuni, kama aliyemkamata ndege alikumbuka kuziandika. Kisha huenda porini na daftari. Na mezani mwao hakukosi mamia ya picha za kamera, kwa hiyo usidhani kuna ugomvi. Ukidai umeona ndege ambaye hajawahi kuripotiwa Tanzania, mchoro wako mzuri hautamshawishi mtu kama picha moja yenye ukungu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, nenda Kunduchi kati ya Oktoba na Machi, wageni kutoka kaskazini wakiwa wamefika, na uwahi maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa yatawasogeza karibu nawe. Beba penseli. Usianze na rangi. Chora mdomo kwanza, uupime kwa urefu wa kichwa, kisha miguu. Kuna vitwitwi wa mchanga wa aina mbili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wanaokaa kundi moja na kufanana kiasi cha kuudhi: mkubwa ana mdomo mrefu na mzito zaidi na miguu mirefu zaidi, na tofauti hiyo utaiona haraka ukiwa umelazimika kuichora. Ukishindwa kabisa, piga picha, ukailinganishe na kitabu nyumbani.