Sambusa ya saa sita usiku ni kazi kuliko ya asubuhi

Mimi nakaanga sambusa hapa Tabora mjini, nawasha jiko saa mbili usiku nafunga saa saba, na wateja wangu wengi ni wanachuo maana mji huu una vyuo kibao, kuna AMUCTA, kuna Uhazili, Ualimu, Ardhi, Nyuki, na mtu akikesha na madaftari ikifika saa tano njaa inamshika wakati mama ntilie wote wameshafunga. Vijana wengi wananiuliza mtaji ni shilingi ngapi wafungue kijiwe kama changu. Mtaji ni karai, jiko la mkaa, meza na taa, hivyo vinapatikana. Mimi naomba kwanza tuongelee maji, maana maji ndo yanaua hii biashara.

Iko hivi. Sambusa ya asubuhi inatoka kwenye mafuta, inanywewa chai, nusu saa imeisha. Ya usiku inasubiri, mmoja anakuja saa tatu, mwingine saa sita akitoka disko au maktaba, na muda wote huo maji ya kwenye nyama yanahamia kwenye manda, yaani ule mkate mwembamba wa unga unaofungia nyama, taratibu mpaka inalegea. Ukikuta sambusa imelegea hivyo watu wanalaumu mafuta. Mafuta mara nyingi hayana kosa, kosa limefanyika saa kumi jioni kwenye sufuria ya nyama.

Nyama ya kusaga naipika bila mafuta na bila tone la maji, naweka tangawizi, saumu, ndimu na chumvi yote inayohitajika, naikoroga mpaka ile sauti ya kuchemka iishe kabisa ibaki sauti ya kukauka, ukishaizoea hiyo sauti huhitaji kuonja. Alafu naimwaga kwenye sinia pana ipoe kabisa. Kabisa, narudia, maana nyama ya moto ukiifunga kwenye manda mvuke unabaki humo humo. Kitunguu kinaingia mwisho kibichi, na hapa ndo wengi wanakosea, kitunguu karibu asilimia 90 ni maji na ukikiwekea chumvi kinayatoa yote, kwa hiyo chumvi imalizie kwenye nyama, kitunguu ukatekate ukiminye kwenye kitambaa safi, ndo uchanganye na giligilani na pilipili. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, sasa fikiria kijiko kimoja tu kimejificha ndani ya kikofia cha manda na umekitumbukiza kwenye mafuta ya moto, lazima kipasuke, na ikipasuka moja mafuta ya karai zima yanachafuka.

Wachina wao wanafanya kinyume kabisa na napenda sana hii habari. Ile jiaozi yao, ambayo ni ndugu wa sambusa kwa kufungwa, wapishi wengi wanaongeza maji au supu kwenye nyama kwa makusudi na kuikoroga upande mmoja mpaka iyanywe, kwa sababu jiaozi inachemshwa au inapikwa kwa mvuke na mlaji anataka mchuzi umtokee mdomoni. Hata unga wanautofautisha, wa kuchemsha wanakandia maji ya baridi ili uvutike usichanike, wa kukaanga kwenye kikaango wanatumia maji ya moto uwe laini. Nilishajaribu kuchemsha nyumbani, zinachelewa kidogo maana Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, ila zinaiva na ni tamu. Kijiweni sijaziweka, zinataka kuliwa hapo hapo na sahani na wateja wangu wengi wanakula wakitembea.

Manda sitaikalia sana. Kanda, pumzisha nusu saa, sukuma ukipaka mafuta na unga katikati ya matabaka, pitisha kwenye kikaango kikavu sekunde chache kila upande, zibandue zikiwa bado za moto na uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Hizo sekunde chache usiziruke, zinapunguza maji ya juu. Na pembe uzibe vizuri kwa uji wa unga, pembe ikiwa na tundu mafuta yanaingia.

Sasa kukaanga. Mimi nakaanga mara mbili. Ya kwanza ni mafuta ya wastani, natoa zikiwa bado nyeupe nyeupe, maji ya manda yanakuwa yametoka. Mteja akifika nazirudisha kwenye mafuta makali, kama nyuzi 180, dakika moja na nusu anapewa ya moto inayolia ukiing'ata. Sina kipimajoto kijiweni, nadondosha kipande cha manda, kikizama kikakaa chini mafuta bado, kikipanda haraka na povu dogo dogo twende kazi. Ila usizifanyie hivyo mia kwa mpigo! Nyama iliyoiva isikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, kwa hiyo naandaa ishirini ishirini, zingine ziko kwenye friza mbichi, na umeme ukikatika muda mrefu zikayeyuka sizirudishi kuganda tena.

Kuna jambo mifuko ilinifundisha. Zamani tulikuwa tunafungia kwenye rambo, mwanachuo anafika hosteli anafungua anakuta sambusa imetota kwa jasho lake yenyewe, na mimi nilihangaika na manda miezi mingi nikidhani shida iko pale. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nikahamia kaki, na wiki ile ile malalamiko yakapungua, karatasi inapitisha mvuke basi. Saivi naacha mdomo wa mfuko wazi, na kachumbari naifunga pembeni. Kwenye meza pia sizirundiki, nazisimamisha kwenye chujio la waya zikipumua.

Vile vipande vya pembeni vya manda vinavyobaki navikaanga na chumvi kidogo, nawapa wanaosubiri, na msimu wa mitihani vinaisha kabla ya sambusa zenyewe.